Kaburu na Mzulu katika kesi moja: Riwaya za wapelelezi wa mila tofauti

WASOMAJI wa riwaya za upelelezi za Kiswahili wamezoea kumkuta mpelelezi akiandamana na mwenzake. Bwana Msa, mvuta kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alikuwa na Najum, rafiki wa kushangaa na kuuliza kwa niaba ya msomaji.

Riwaya ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Tangu hapo jozi ya mpelelezi na mwandani wake imekuwa jambo la kawaida katika fasihi yetu.

Hata hivyo, Bwana Msa na Najum wamekunywa maji ya kisima kimoja. Lugha yao ni moja, na kila mlango wanaobisha hodi wanajua namna ya kumwamkia mwenye nyumba. Hakuna shahidi wa kuwafanya wajione wageni.

Ipo jamii nyingine ya riwaya za uhalifu, iliyoshamiri hasa kuanzia miaka ya 1960, ambamo wapelelezi wawili wanaopewa kesi moja wametoka katika mila mbili, na pengine katika mila zinazochukiana. Mmoja ni Mzungu na mwingine ni Mwafrika. Au mmoja ametumwa na serikali kuu na mwingine ni mwenyeji wa jangwa lile ambako maiti imeokotwa.

Makala haya yanaangalia ni kwa nini waandishi wameipenda jozi ya namna hiyo, na ni nini kinachomngoja msomaji ndani yake.

Sababu ya kwanza ni ya kikazi kabisa. Mauaji hufanyika mahali, na kila mahali pana wenyewe. Mwenye mamlaka ya kukamata mara nyingi hana lugha ya kuulizia, naye mwenye lugha hana mamlaka. Shahidi aliyenyamaza mbele ya ofisa mgeni anaweza kuzungumza hadi usiku wa manane na mtu aliyemwamkia vyema na kujua ukoo wake. Mwandishi akiwaunganisha watu hao wawili, amekwisha kupata kisa kabla hata ya kumtafuta muuaji.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Wapelelezi wa mila mbili wakifanya kazi pamoja, msomaji hujiuliza mambo mawili kwa wakati mmoja: nani ameua, na je, hawa wawili wataaminiana mpaka mwisho? Mara nyingi swali la pili ndilo linalomkesha.

Mfano unaojulikana zaidi ulimwenguni ni wa Kimarekani. Mwaka 1965 mwandishi John Ball alitoa riwaya iitwayo In the Heat of the Night. Katika mji mdogo wa kusini mwa Marekani mtu ameuawa usiku, na polisi wanamkamata Mwafrika aliyekuwa ameketi peke yake katika stesheni akingojea treni. Kosa lake ni rangi yake na fedha zilizokutwa mfukoni mwake.

Muda si mrefu wanagundua kwamba mtu huyo, Virgil Tibbs, ni mpelelezi wa polisi kutoka Pasadena, California, na tena ni bingwa wa kesi za mauaji. Mkuu wa polisi wa mji ule, Bill Gillespie, hajawahi kupeleleza mauaji hata mara moja. Anamhitaji mtu ambaye hawezi kuketi naye mezani katika mgahawa wa mji wake mwenyewe.

Ball aliona jambo ambalo wengine wengi wangelipita. Wakubwa wa mji hawamkubali Tibbs kwa sababu wamebadilika mioyo. Wanamkubali kwa sababu akishindwa lawama zitakuwa zake, na akifaulu mji utapata muuaji wake. Ushirikiano unaanzia kwenye hesabu ya faida, na heshima inakuja baadaye, tena kwa shingo upande.

Riwaya hiyo ilitengenezewa filamu mwaka 1967, Sidney Poitier akiwa Tibbs na Rod Steiger akiwa Gillespie. Filamu ilimhamishia Tibbs katika polisi ya Philadelphia na kuuweka mji ule katika jimbo la Mississippi. Sehemu kubwa ya picha zake, hata hivyo, zilipigwa mbali na huko, katika jimbo la Illinois, kwa kuwa Poitier hakuwa tayari kwenda kusini. Yaani yale yaliyosimuliwa katika hadithi yalikuwa bado yanamngoja mwigizaji barabarani.

Filamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya Oscar ya filamu bora katika sherehe ya Aprili 1968, iliyosogezwa mbele kwa siku mbili kutokana na kuuawa kwa Martin Luther King. Steiger alipata tuzo ya mwigizaji bora. Poitier hakuwamo hata katika orodha ya waliopendekezwa.

Pamoja na sifa zake zote, hadithi ya Tibbs ina mteremko mmoja: treni ipo. Kesi ikiisha Tibbs atapanda na kwenda zake, na Gillespie atabaki na mji wake. Swali gumu zaidi ni la wapelelezi wasiokuwa na treni ya kupanda, ambao kesho asubuhi watakutana tena katika kituo kile kile, chini ya sheria zile zile.

Swali hilo lilijibiwa na mwandishi wa Afrika Kusini, James McClure.

McClure alizaliwa Johannesburg mwaka 1939 na kukulia Pietermaritzburg, Natal, ambako alifanya kazi ya kuandika habari za uhalifu na za mahakamani magazetini. Mwaka 1965 aliihama nchi yake na kwenda Uingereza. Hatimaye aliishi Oxford, akaendelea na uandishi wa habari huko, na ndiko alikofariki dunia mwaka 2006.

Riwaya yake ya kwanza, The Steam Pig, ilitoka mwaka 1971 na kupata tuzo ya juu ya chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza. Ndani yake tunakutana na Luteni Tromp Kramer, Kaburu wa kikosi cha mauaji katika mji wa kubuni wa Trekkersburg, ambao kila aliyeujua Pietermaritzburg aliutambua mara moja. Pamoja naye yupo Sajini Mickey Zondi, Mzulu.

Kisa kinaanza kwa kosa la wazishi. Maiti ya msichana wa Kizungu, ambayo ilikuwa izikwe kama ya mtu aliyekufa kwa maradhi ya moyo, inachanganywa na nyingine na kufikishwa kwa daktari wa serikali. Daktari anakuta kitundu kidogo kwapani. Msichana amechomwa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, silaha iliyojulikana miongoni mwa magenge ya vitongoji vya Waafrika vya Johannesburg.

Hapo ndipo ugumu wa kazi unapoonekana. Marehemu aliishi upande wa Wazungu. Silaha imetoka upande wa Waafrika. Kramer anaweza kubisha hodi katika nyumba yoyote ya Mzungu na kukaribishwa, lakini akiingia kitongojini kila mdomo hufungwa. Zondi anaweza kukaa kilabuni na kusikiliza, lakini hawezi kumhoji Mzungu hata kama anamwona ana damu mikononi. Sheria imeupasua mji vipande viwili, na muuaji ametumia ule ufa.

Uchunguzi ukizidi kwenda mbele, inabainika kwamba msichana yule hakuwa Mzungu kisheria. Familia yake ilikuwa imeondolewa katika kundi la Wazungu na kuandikwa machotara. Msomaji wa leo anaweza kudhani ni chumvi ya mwandishi, lakini sivyo. Chini ya sheria ya kuandikisha watu ya mwaka 1950, kila mkazi wa Afrika Kusini aliwekwa katika kundi la rangi, na ofisi ya serikali ilikuwa na uwezo wa kumhamisha mtu kutoka kundi moja hadi jingine. Aliyehamishwa aliweza kupoteza nyumba, shule ya watoto na hata ndoa yake, maana zilikuwapo sheria nyingine za makazi na za ndoa zilizofuata kundi lile.

Tukirudi kwa wapelelezi wetu, mbele ya watu Kramer humwamrisha Zondi kwa ukali, na Zondi huitika kwa unyenyekevu unaotakiwa. Pengine hujifanya mjinga, mtu wa kubeba mizigo tu, na Wazungu wanaongea mbele yake kana kwamba hayupo. Ndani ya gari, milango ikishafungwa, mambo hugeuka. Wanataniana, wanabishana, wanagawana sigara na dhana zao, na mara nyingi Zondi ndiye aliyefika kwenye jibu kwanza.

Mwandishi mwepesi angeugeuza urafiki huo kuwa dawa ya ubaguzi. McClure hakufanya hivyo. Kramer wake hana siasa ya ukombozi. Hutumia maneno ya wenzake, na washukiwa hupata kipigo. Zondi naye hupiga. Jioni Kramer huenda alikokaribishwa na wenye rangi yake, na Zondi hurudi katika nyumba finyu ya kitongojini kwa mkewe Miriam na watoto wao. Hakuna kesi iliyoshinda inayombadilishia nyumba.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina uchungu wake. Miaka ile riwaya hizi zilipokuwa zikitoka, Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na kimbilio la wapigania uhuru kutoka kusini. Katika macho ya wakati ule, Mzulu aliyevaa kofia na kubeba bastola ya polisi wa Makaburu angeitwa kibaraka, na pasingekuwa na mjadala mrefu.

McClure hamtetei Zondi dhidi ya tuhuma hiyo, wala hamhukumu. Anamwonyesha akimtafuta muuaji wa mtoto au wa mwanamke maskini ambaye hakuna mwingine angejishughulisha naye, na anamwonyesha vilevile akiwa chombo cha dola inayowaonea watu wake. Mambo yote mawili ni kweli kwa siku moja. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo vitabu hivi vinapovizidi vile vya Ball: msomaji haruhusiwi kupumua.

Mfululizo huo uliendelea kwa vitabu vinane. Cha mwisho, The Song Dog, kilitoka mwaka 1991 na kinarudi nyuma kusimulia jinsi Kramer na Zondi walivyokutana kwa mara ya kwanza. Ni mwaka huo huo wa 1991 ambapo sheria ile ya kuandikisha watu kwa rangi ilifutwa.

Marekani nako, wakati McClure alipokuwa anaanza, mwandishi wa habari mwingine alikuwa ameligeukia jangwa la kusini-magharibi. Tony Hillerman alitoa The Blessing Way mwaka 1970, na kwa zaidi ya miaka 30 aliandika juu ya polisi wa taifa la Wanavajo, wenyeji wa asili ambao ardhi yao, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 70,000, imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah.

Hapa ushirikiano wa mila mbili umeandikwa katika sheria yenyewe. Tangu mwaka 1885, mauaji na makosa mengine makubwa yanayofanywa na wenyeji wa asili katika ardhi zao yamewekwa chini ya serikali kuu ya Marekani. Kwa hiyo maiti ikipatikana, kesi ni ya FBI. Polisi wa Kinavajo anaijua njia, anaijua familia, anaijua lugha. Lakini faili ni la kijana aliyeletwa kutoka mji wa mbali, ambaye huenda akahamishwa kabla hajajifunza majina ya milima.

Hillerman ana kipaji cha kuonyesha ni nini hasa mgeni huyo asichokiona. Katika The Ghostway ya mwaka 1984, nyumba ya jadi imetobolewa ukuta wa upande wa kaskazini. Kwa ofisa wa FBI hilo ni tundu tu. Kwa Jim Chee, polisi wa Kinavajo, tundu hilo linasema kwamba mtu amefia humo ndani, maiti imetolewa kwa njia hiyo, na hakuna atakayethubutu kuishi humo tena. Kutoka hapo anaanza kujiuliza kwa nini mzee mwenye nyumba, anayezijua mila, hakumtoa mgonjwa nje kabla hajakata roho.

Kuna jambo jingine zuri kwa Hillerman. Wapelelezi wake wakuu wawili, Joe Leaphorn na Jim Chee, wote ni Wanavajo, wala hawaelewani kirahisi. Chee anajifunza kuwa mganga wa jadi, mwimbaji wa ibada za uponyaji. Leaphorn, mkubwa wake kwa umri na cheo, anaziheshimu mila lakini hana subira na habari za wachawi. Walipounganishwa katika kitabu kimoja, Skinwalkers cha mwaka 1986, ilidhihirika kwamba mila si kitu cha kabila zima kwa kipimo kimoja. Watu wawili wa lugha moja waweza kuwa mbali kuliko wageni.

Ni haki kusema pia kwamba Ball, McClure na Hillerman wote walikuwa Wazungu, na walikuwa wakiandika yaliyomo moyoni mwa watu wasio wa kwao. Hillerman alipokea tuzo ya heshima ya urafiki kutoka kwa Wanavajo wenyewe mwaka 1987, lakini shukrani haiondoi swali. Katika vitabu vya aina hii, mwenyeji ana hatari ya kugeuzwa mkalimani: kazi yake inakuwa ni kumfafanulia mgeni, na msomaji mgeni, maana ya tundu la ukutani.

Ndiyo maana Nairobi Heat, riwaya ya Mukoma wa Ngugi iliyotoka mwaka 2009, inastahili kusomwa kando ya hizo. Mukoma ni mtoto wa Ngugi wa Thiong'o, na ni mmoja wa waanzilishi wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili inayohusishwa na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, anakofundisha.

Mpelelezi wake, Ishmael, ni Mmarekani mweusi wa polisi ya Madison, jimbo la Wisconsin. Msichana wa Kizungu amekutwa amekufa mlangoni mwa profesa Mwafrika, mtu aliyesifiwa kwa kuokoa watu wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Simu isiyo na jina inamwambia Ishmael kwamba akitaka ukweli auendee Nairobi. Anafunga safari, na huko anakabidhiwa kwa kachero Mkenya, David Odhiambo, ajulikanaye kwa herufi moja tu: O.

Mizani yote imepinduliwa. Kitambulisho cha Ishmael hakina nguvu Nairobi. Kwao Marekani rangi yake imemfanya mgeni katika kikosi chake mwenyewe, na huenda alitumaini kwamba Afrika itampokea kama ndugu. Badala yake anaitwa mzungu. Ni neno moja la mtaani, lisilo na nia mbaya hata kidogo, lakini linamtikisa kuliko risasi.

O, kwa upande wake, hana kazi ya kumfafanulia mtu mila. Anavuta bangi, anafyatua bastola upesi, na ana kanuni zake za haki ambazo hakimu wa Madison asingezitambua. Ishmael anapaswa kuamua: awe shahidi wa mambo hayo, au awe mshiriki? Kadiri kurasa zinavyosonga anazidi kuwa mshiriki, na mwandishi hamfariji msomaji kwa kumwambia kwamba ni sawa.

Wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaokumbuka Agosti 1998 hawatalisoma hilo kama jambo la mbali. Baada ya balozi za Marekani katika miji hiyo miwili kulipuliwa siku moja, makachero wa FBI walikuja kufanya kazi bega kwa bega na polisi wa hapa. Maswali ya nani anamhoji nani, kwa lugha gani, na mshukiwa atapelekwa kushtakiwa wapi, yalikuwa maswali ya kweli.

Huko Ulaya jozi hii imepata makazi zaidi katika televisheni. Tamthilia ya Bron, iliyoanza mwaka 2011, iliweka maiti katikati kabisa ya daraja la Øresund linalounganisha Sweden na Denmark, ili polisi wa Malmö na wa Copenhagen walazimike kushirikiana. Wazo hilo likaigwa mpakani mwa Marekani na Mexico, na katika njia ya reli ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Ni burudani nzuri, ingawa Mswidi na Mdenishi wana vyeo sawa na mishahara inayokaribiana. Kinachowatenga ni tabia zaidi kuliko dola.

Afrika Kusini yenyewe imeendelea. Deon Meyer, anayeandika kwa Kiafrikana na kutafsiriwa katika lugha nyingi, ana mpelelezi Kaburu aitwaye Benny Griessel, mlevi anayejitahidi kuacha pombe mjini Cape Town. Katika Thirteen Hours, iliyotoka kwa Kiafrikana mwaka 2008, Griessel amepewa jukumu la kuwalea makachero chipukizi wa jamii mbalimbali. Miongoni mwao yumo Mbali Kaleni, mwanamke wa Kizulu, mnene, mkaidi, asiyekubali sheria ikiukwe hata kidogo, na wanaume wa kikosini wanamcheka nyuma ya mgongo wake.

Katika vitabu vilivyofuata Kaleni amepanda cheo hadi kuwa kanali. Griessel na mwenzake Vaughn Cupido, chotara wa Cape Town, wanaripoti kwake, wakisimama mbele ya meza yake kueleza kwa nini hawakufuata utaratibu.